Tita la mianzi la Tendaguru ndani ya mashine ya CT

Mgonjwa akilala kwenye kitanda cha mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, kazi yangu ya kwanza ni kumtuliza, na ya pili ni kumwomba abane pumzi. Tita la mianzi halihitaji yote mawili. Limetulia zaidi ya miaka mia moja kwenye ghala la Makumbusho ya Historia ya Asilia mjini Berlin, likiwa na udongo wa Lindi ndani yake, na ndani ya udongo huo mifupa ya dinosaria ambayo hakuna jicho lililoiona tangu siku ilipofunikwa. Matita hayo yalipopitishwa kwenye mashine ya CT ya aina ileile wanayolazwa wagonjwa, mifupa ilionekana bila tita kufunguliwa. Nimekifuatilia kisa hiki kwanza kama fundi wa picha za mionzi, kisha kama mtu wa kusini mwa Tanzania, na naona kina mambo ambayo hayajasemwa vya kutosha kwa Kiswahili.

Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kiasi cha kilomita 60. Mwaka 1906 mhandisi wa madini aitwaye Bernhard Wilhelm Sattler alikuta mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi. Wenyeji waliijua kabla yake. Kumbuka mwaka wenyewe: Maji Maji ilikuwa bado inawaka, na nyuma yake ikaja njaa. Kusini ilikuwa haijainuka wakati Werner Janensch na Edwin Hennig walipowasili mwaka 1909 kuanza kuchimba kwa niaba ya makumbusho ya Berlin. Kazi ikaendelea hadi 1913, wachimbaji wakiongezeka hadi mamia, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zikabebwa na wapagazi, kichwani na mabegani, safari ya siku nne hadi bandari ya Lindi. Huko ndiko alikotoka yule tunayemwita mjusi wa Tendaguru, Giraffatitan, anayesimama leo kwenye ukumbi wa Berlin akiwa na urefu wa mita 13.27 kwenda juu.

Huyo mjusi mkubwa anajulikana. Mimi nataka kubaki na kile ambacho hakikusimamishwa ukumbini.

Mfupa wa kisukuku, yaani wa mnyama wa kale uliohifadhiwa ardhini, unaonekana mgumu kama jiwe, lakini ukiutoa ardhini unaweza kuvunjika vipande mia mikononi mwako. Lazima ufungwe pale pale. Njia ya kawaida ni kuuzungushia kitambaa kilicholoweshwa jasi, kitu kilekile mgonjwa aliyevunjika mguu anachofungwa hospitalini na watu wakasema amewekewa POP. Ila jasi ililazimika kuletwa kwa meli, na mifupa ilikuwa mingi. Kwa hiyo sehemu ya mifupa ikafungwa kwa vitu vilivyokuwepo: udongo ukashindiliwa kuzunguka mfupa, mianzi ikapangwa nje yake fito kwa fito, ikakazwa hadi ikawa kama pipa refu. Wajerumani waliyaita makorseti ya mianzi. Mimi nayaita matita, ingawa ukiyatazama kwa makini, jamaa yake wa karibu ni ukuta wa nyumba. Nyumba ya babu yangu mzaa mama ilijengwa hivyo: fito zimefungwa, udongo umekandikwa. Mtu aliyekua anaona kuta zikikandikwa hahitaji kufundishwa na profesa jinsi udongo unavyoshika fito na fito zinavyoshika udongo.

Waliofanya kazi hiyo wengi hawakuandikwa majina. Wachache wameandikwa. Boheti bin Amrani alikuwa mnyapara mkuu na fundi wa kusafisha mifupa, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, jina linalobeba Wamwera, watu wa huko, pamoja na Mohammadi Keranje, mwenzake Boheti kwenye machimbo. Ilichukua karibu karne nzima.

Sasa tatizo. Berlin ilipokea mzigo kuliko mikono iliyokuwepo. Kusafisha mfupa mmoja mkubwa ni kazi ya miezi. Vita ya kwanza ikaja, mifupa ya Giraffatitan ikachukua muda hadi mwaka 1937 ndipo akasimama, kisha vita ya pili ikaja na mabomu. Mwaka 1945 jengo la makumbusho lilipigwa na sehemu ya ghala ikafukiwa na kifusi. Matita kadhaa na masanduku ya mbao yakabaki hayajafunguliwa, mengine yakitoka kwenye machimbo yaliyopewa alama za Ig na WJ. Machimbo ya Ig yanajulikana zaidi kwa mifupa ya Dysalotosaurus, mla majani mdogo aliyekimbia kwa miguu miwili miaka milioni 150 iliyopita. Jina lake la pili ni lettowvorbecki, alilopewa mwaka 1919 kwa heshima ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani hapa katika vita ya kwanza, iliyomaliza chakula na watu wa kusini. Kila nikiliandika jina hilo linanikera. Mnyama mwenyewe hana kosa. Na mifupa yake mingi iliyokuwa imesafishwa tayari ilipotea katika vita ya pili, kwa hiyo kilichobaki ndani ya matita yasiyofunguliwa kina uzito wa pekee.

Unafanyaje? Jibu la haraka ni kufungua. Kata mianzi, vunja udongo, toa mfupa. Ndivyo ilivyofanyika kwa matita mengine kabla ya hapo, na ndiyo maana yaliyobaki mazima ni machache. Ukifungua unapata mfupa, unapoteza tita, na hakuna fundi atakayekurudishia kazi ya mikono ya mwaka 1911. Unapoteza pia mpangilio: mfupa upi ulilala juu ya upi, umeelekea wapi, umezungukwa na udongo wa namna gani. Huo nao ni ushahidi.

Jibu la pili ni eksirei ya kawaida, ile ya picha moja bapa. Kwa tita hili ingekuwa bure. Mifupa imelaliana, na eksirei bapa huweka kila kitu juu ya kila kitu. Ungeona kivuli kizito chenye mabaka.

CT inafanya kazi tofauti. Tyubu ya eksirei na vigunduzi vinazunguka kitu, vinapima kwa kila pembe ni mionzi kiasi gani imepenya, kisha kompyuta inarudi nyuma kwa hesabu na kuuliza: ndani pangekuwaje hadi vipimo vyote hivi vitoke hivi? Jibu ni mfululizo wa picha nyembamba kama slesi za mkate, na kila nukta ya picha ina namba yake. Maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa wa binadamu hupanda mamia hadi zaidi ya elfu. Kipimo hicho kina jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilipiga picha ya kichwa cha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Yeye na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Lakini mashine ya hospitali imetengenezwa kwa ajili ya mwili, na mwili kwa sehemu kubwa ni maji. Hapa ndipo kitu kikubwa kinapoleta taabu, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo kwa sababu kisa chote kimekaa juu yake.

Kwa nguvu ya mionzi tunayotumia hospitalini, kiasi cha sentimita 4 za maji hupunguza mionzi kwa nusu. Mtu mwenye upana wa sentimita 32 ni kukata nusu mara nane: inayotoka upande wa pili ni sehemu moja kati ya 256. Mashine inamudu bila shida. Udongo mkavu ulioshindiliwa una uzito karibu mara mbili ya maji, na umejaa silika, madini ya mchanga, kwa hiyo kila sentimita 2 hivi hula nusu. Tita lenye upana wa sentimita 20 linabakiza sehemu moja kati ya elfu. Lifikishe sentimita 40, inabaki sehemu moja kati ya milioni, na hapo hata mawe na mifupa hatujahesabu. Vigunduzi vinapokosa cha kupima, picha inakuwa chenga tupu, kama televisheni iliyopoteza mawimbi.

Kuna adha nyingine. Mionzi inayotoka kwenye tyubu si ya nguvu moja. Ile dhaifu humezwa mwanzoni, ile kali ndiyo inayofika katikati na kutoka. Kompyuta haijui hivyo, inadhani katikati ya tita ni pepesi kuliko kingo zake, na udongo uleule unapewa namba mbili tofauti. Sanduku la mbao likiwa na misumari, kila msumari unarusha mistari myeupe na myeusi kama miale ya jua kwenye picha ya mtoto. Mimi mistari hiyo naiona kila wiki kwa wagonjwa waliowekewa vyuma kwenye nyonga.

Je, si afadhali kutafuta mashine kubwa zaidi? Ujerumani wanayo. Mjini Fürth taasisi ya Fraunhofer ina mashine ya CT inayotumia kiongeza-kasi cha elektroni cha megaelektrovolti 9, mahali ambapo kitu husimamishwa wima juu ya meza inayozunguka huku mionzi ikibaki palepale. Wamepiga picha magari mazima. Wamepiga picha hata ndege ya roketi ya vita ya pili, Messerschmitt Me 163, inayomilikiwa na makumbusho ya Deutsches Museum. Kwa mionzi ya aina hiyo, udongo uleule unahitaji kiasi cha sentimita 10 ili upunguze nusu. Tita la sentimita 40 lingekuwa kama karatasi.

Hata hivyo naona uamuzi wa kutumia mashine ya hospitali kwa matita haya ulikuwa sahihi, na si kwa sababu ya gharama peke yake. Mionzi yenye nguvu nyingi hupenya vizuri lakini haibagui vizuri: inajali zaidi uzito wa kitu, kidogo sana aina ya madini. Mionzi ya hospitali, kwa udhaifu wake, ina jicho la kalisiamu. Mfupa wa kisukuku umejaa kalisiamu, mchanga umejaa silika, na kwenye nguvu ndogo tofauti hiyo ya madini inajitokeza hata pale uzito wao unapokaribiana. Kwa tita la wastani, lenye mifupa midogo kama ya Dysalotosaurus, mashine inayoona wagonjwa inatosha na inabagua. Paja au mkono wa Giraffatitan ni kesi nyingine kabisa. Mfupa wake wa mkono wa juu una mita 2.13. Hata tundu la mashine, ambalo kwa kawaida lina upana wa sentimita 70 hivi, lisingekuwa kikwazo kikubwa kama unene wa mfupa wenyewe.

Jambo moja linarahisisha kazi: tita halidhuriki na mionzi. Kwa mgonjwa kila siku napigania kupunguza kipimo. Kwa kisukuku unaweza kuongeza hadi tyubu inapokaribia kuchemka, ukaiacha ipoe, ukarudia.

Makumbusho yalikuwa na uzoefu kidogo wa njia hii. Kifusi cha 1945 kilikuwa kimechanganya vifurushi vya plasta kwenye ghala, vya Tendaguru na vya machimbo ya Halberstadt yaliyoko Ujerumani kwenyewe, na haikujulikana tena kipi ni cha wapi. Mwaka 2013 wataalamu wa radiolojia wa hospitali ya Charité na wenzao wa makumbusho walitangaza kwamba wamepitisha kifurushi kimoja kwenye CT, wakatenganisha pingili ya uti wa mgongo na udongo wake ndani ya kompyuta, wakaichapa nakala ya pande tatu, na wakaitambua kuwa ya dinosaria Plateosaurus kutoka Halberstadt. Kifurushi chenyewe hakikufunguliwa. Kwangu mimi hapo ndipo mlango ulipofunguka: ikiwa inawezekana kuujua mfupa na nyumbani kwake ukiwa bado ndani ya plasta, mianzi nayo inawezekana.

Mwaka 2018 Daniela Schwarz wa makumbusho hayo, pamoja na Guido Fritsch, Ahi Sema Issever na Thomas Hildebrandt, walichapisha maelezo ya kilichomo ndani ya matita na masanduku ya Ig na WJ kwa kutumia data za CT za kitabibu. Angalia muundo wa kundi hilo: mtaalamu wa visukuku, watu wa tiba ya wanyamapori, daktari wa radiolojia. Mtaalamu wa visukuku peke yake angeona maumbo meupe asijue ni kosa gani limeletwa na mashine. Mimi peke yangu ningejua kosa la mashine nisijue paja la dinosaria na la ng'ombe.

Kazi yao halisi mbele ya kompyuta ni ya subira. Programu inaweza kukata kila kilicho juu ya namba fulani na kukuachia mifupa inayoelea hewani, lakini hiyo ni pale tu mfupa na udongo vimeachana vizuri kwa namba. Mahali ambapo maji ya kale yamepita na kuacha chokaa, udongo unakuwa na kalisiamu kama mfupa, na mpaka unafutika. Pale lazima jicho na mkono vifuate ukingo slesi baada ya slesi. Nafanya hivyo ninapofuatilia mshipa wa damu uliopita karibu na mfupa wa kichwa. Ukipoteza ukingo kwenye slesi ya 140, unarudi hadi 130 uukute tena.

Kuna na mtego wa namba zenyewe. Mashine nyingi za hospitali hukata kipimo kwenye 3071, kwa kuwa mwilini hakuna kinachohitaji zaidi ya hapo isipokuwa chuma. Kisukuku kizito kinaweza kupita. Kikipita, sehemu zote zilizo juu zinapewa namba moja, na undani wa mfupa unageuka doa jeupe. Kabla ya kuanza ni lazima mtu aiwashe kwenye mashine ile skeli pana ya namba. Usipofanya hivyo data imeharibika na hutajua hadi siku ya kuichambua.

Kwa hiyo CT haikumaliza kazi yote. Inaonyesha umbo la mfupa, mahali ulipo, jinsi ulivyovunjika. Haionyeshi rangi, wala haikupi kipande cha kupima chini ya hadubini. Mtaalamu anayetaka kusoma pete za ukuaji ndani ya mfupa bado atataka mfupa wenyewe. Tofauti ni kwamba sasa anaweza kuchagua: anajua tita lipi lina nini, na hakuna sababu ya kukata matano ili apate moja.

Msimamo wangu ni kwamba yasifunguliwe kamwe. Mifupa ya Dysalotosaurus ipo mingine. Matita ya mianzi yaliyofungwa na mafundi wa Tendaguru, yenye udongo walioushindilia kwa mikono yao, hayana mbadala. Ni kazi ya mikono ya Wamwera na wenzao, imesafiri kichwani mwa mpagazi, imevuka bahari, imenusurika mabomu. Kwenye orodha za makumbusho kwa muda mrefu yalihesabiwa kama vifungashio vya kitu kingine. Nayahesabu kuwa ndiyo maandishi pekee ambayo wengi wa wachimbaji wale walituachia.

Na data zije nyumbani. Mwaka 2018 serikali yetu, kupitia kwa waziri wa mambo ya nje wa wakati huo Augustine Mahiga, ilisema haitadai mjusi arudishwe, ikataka ushirikiano katika uchimbaji na makumbusho. Watu wengi Lindi hawakuridhika, na mimi nawaelewa. Lakini hata mtu akiwa na msimamo gani juu ya mifupa, hakuna hoja ya kuzuia faili. Faili la CT halivunjiki njiani, halihitaji wapagazi. Kompyuta ninayosomea picha za wagonjwa ingelifungua tita zima kwa dakika chache. Shule moja ya Lindi yenye kompyuta na programu ya bure ingeweza kuwaonyesha wanafunzi mfupa uliochimbwa na babu zao, kwa Kiswahili, wakiuzungusha wenyewe kwa kidole.

Nina ombi moja la kitaalamu kwa yeyote atakayeandaa faili hizo. Kwenye skrini hatuoni namba zote kwa pamoja. Tunachagua dirisha, yaani namba zipi zionekane kwa kijivu na zipi zizame kwenye weusi au weupe. Dirisha la kisukuku huwekwa juu, kupita elfu moja, ili mfupa utengane na udongo. Mwanzi ni mti mkavu. Namba yake iko chini ya sifuri, mia kadhaa chini, upande wa hewa. Ukiweka dirisha la mfupa, mwanzi unapotea kabisa: unaona mifupa mieupe imening'inia gizani kana kwamba haijawahi kushikwa na mtu. Teremsha dirisha. Mfupa unakuwa doa jeupe lisilo na undani, udongo nao unang'aa, na pembezoni, kijivu hafifu, zinatokea fito moja baada ya nyingine, zimepangwa duara kuzunguka udongo. Tumeni picha za madirisha yote mawili.